Mwalimu Mkuu na Ustawi wa Shule za Msingi katika Ufipa

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi uongozi wa mwalimu mkuu unavyoweza kuistawisha shule ya msingi au kuidumaza. Tutalitazama jambo hili katika nchi moja, nayo ni uwanda wa juu wa Ufipa pamoja na mji wa Sumbawanga. Huenda msomaji akauliza, mambo ya walimu wakuu yana nini na jarida la uchunguzi wa lugha? Jibu lake si la mbali. Shule ya msingi ndipo mahali ambapo mtoto wa Kifipa hukutana kwa mara ya kwanza na Kiswahili kilichoandikwa. Ni mwalimu gani atakayemfundisha herufi za kwanza, kwa muda gani kila siku, na kwa kitabu gani: hayo hayaamuliwi na mtunga kamusi wala na mwanachuo. Huamuliwa na mwalimu mkuu wa kijiji chake. Basi anayejali mustakabali wa Kiswahili yampasa ajue kazi ya mtu huyo.

I. Nchi yenyewe

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mtu atokaye katika bonde la Ziwa Rukwa, tuseme Muze au Mtowisa, hana budi kuukwea ukingo mkubwa wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa ndipo afike kwenye uwanda. Na mtu aendaye Kirando, Kipili au Kasanga hutelemka tena mpaka pwani ya Tanganyika. Jina la Sumbawanga lenyewe, kwa jinsi lielezwavyo na wenyeji, maana yake ni "tupa uchawi", nalo hutajwa kama onyo kwa mgeni aingiaye mjini. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na mwaka 2012 sehemu yake ya kaskazini ikatengwa kuwa mkoa wa Katavi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 Rukwa ilikuwa na watu wapatao milioni 1. Katika ile ya mwaka 2022 walizidi milioni 1.5. Ongezeko la namna hiyo katika miaka 10 ni jambo ambalo kila mwalimu mkuu huliona kwa macho yake kila Januari, watoto wa darasa la kwanza wanapoandikishwa.

Wafipa ni wakulima. Hulima mahindi, maharage, ulezi na ngano; wengi hufuga ng'ombe; na walio kando ya maziwa huvua samaki. Mvua huanza yapata Novemba na kukoma yapata Aprili au Mei, na mavuno hufuata. Kwa hiyo majira ya shamba na majira ya shule hayapatani kila wakati. Mwisho wa muhula wa kwanza mikono ya watoto hutakiwa shambani, na mchungaji wa ng'ombe aghalabu ni mvulana ambaye jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Anayeitazama shule ya Ufipa bila kuyatazama majira hayo atadhani utoro ni ukaidi tu.

II. Cheo kilivyobadilika

Shule za kwanza za upande huu zilitokana na kazi ya Mapadre Weupe, ambao mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, kisha wakaeneza misheni zao katika Ufipa. Katika shule ndogo za vijijini mwalimu alikuwa aghalabu katekista, naye aliwajibika kwa padre. Habari za fedha, za majengo na za masomo ziliamuliwa misheni. Mwalimu aliyekuwa mkubwa wa shule alikuwa mkubwa kwa watoto, lakini si mwenye madaraka makubwa.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizishika shule zilizokuwa za mashirika ya dini, na tangu hapo mwalimu mkuu akawa mtumishi wa umma. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka watoto wote waingizwe shuleni ifikapo mwaka 1977. Shule zikaongezeka upesi kuliko walimu, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Kazi ya mwalimu mkuu siku hizo ilikuwa kwanza ni kupata mahali pa kuwaketisha watoto, ndipo afikiri watajifunza nini.

Badiliko lililo kubwa zaidi kwa cheo chenyewe lilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002. Ada iliondolewa, na idadi ya wanafunzi katika nchi nzima ikapanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Fedha za ruzuku zikapelekwa katika akaunti ya shule yenyewe. Kamati za shule, zilizokuwa zimetajwa katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zikapewa kazi ya kupanga na kusimamia matumizi, na mwalimu mkuu akiwa katibu wake. Tokea mwaka 2016, chini ya utaratibu wa elimu bila ada, fedha hizo zimeendelea kupelekwa shuleni moja kwa moja kutoka Hazina. Hivyo mtu aliyezoea kutunza chaki na rejista alijikuta mhasibu, mjenzi na katibu wa mikutano, tena bila kuacha kuwa mwalimu.

III. Maneno na maana zake

Yafaa hapa tuyapime maneno. Katika Tanzania mkubwa wa shule ya sekondari huitwa "mkuu wa shule", lakini mkubwa wa shule ya msingi huitwa "mwalimu mkuu". Tofauti si ndogo. Jina la kwanza linataja mahali: ni mkuu wa kitu fulani. Jina la pili linataja kazi: ni mwalimu, naye ni mkuu miongoni mwa walimu. Nomino iliyotangulia ni "mwalimu", na "mkuu" ni sifa yake. Lugha yenyewe, kwa hiyo, yashuhudia ya kuwa mtu huyu hakuuacha ualimu alipopewa ofisi.

Hali kadhalika na vitenzi. Twasema mtu "hutawala", "husimamia" au "huongoza" shule, na mara nyingi maneno haya hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Lakini "kusimamia" kumetokana na "kusimama": ni kusimama karibu na kazi ya mwingine uione inavyokwenda. "Kuongoza" ni ndugu wa "kuongoka": ni kumfanya mtu aifuate njia iliyonyoka. Asimamiaye anaweza kutosheka kwa kuona kwamba kazi imefanyika. Aongozaye hatosheki mpaka mfanyakazi mwenyewe awe anaijua njia. Na atawalaye huenda asifanye lolote katika hayo mawili, akatoa amri tu. Watafiti wa elimu ulimwenguni wamehitaji maneno mengi kueleza tofauti hii. Kiswahili kinayo tayari katika vitenzi vyake.

Wala hili si fumbo la maneno matupu. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa, wakalinganisha namna za uongozi na maendeleo ya wanafunzi. Waliona kwamba uongozi unaoshughulikia ufundishaji wenyewe ulikuwa na nguvu mara tatu hadi nne kuliko ule wa kuwatia watu hamasa na kuwapa maono. Tena katika matendo yote waliyoyapima, lililozidi yote lilikuwa lile la kiongozi kushiriki yeye mwenyewe pamoja na walimu wake katika kujifunza kazi. Kwa maneno mengine, aliyeonekana kufaa zaidi ni yule aliyebaki mwalimu. Uchunguzi huo ulitegemea zaidi nchi zilizoendelea, na haifai kuuhamishia Ufipa mzima mzima. Lakini unakubaliana na jina tulilonalo.

IV. Njia ambazo uongozi hufanyia kazi

Mwalimu mkuu hawafundishi watoto wote. Basi nguvu yake hupita wapi hata imfikie mtoto? Twaweza kutaja njia nne.

Njia ya kwanza ni muda. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliofanywa katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2014 uliona ya kuwa katika kila walimu 100 waliopaswa kufundisha, wapatao 14 hawakuwapo shuleni walipotembelewa bila taarifa. Lakini wasiokuwamo darasani walikuwa wapatao 47. Tazama tofauti ya hesabu hizo mbili. Walimu wapatao 33 katika 100 walikuwa wamefika shuleni, ila hawakuwa mbele ya wanafunzi. Kumwondoa mwalimu nyumbani kwake kwaweza kuwa kazi ya halmashauri, ya mshahara, ya barabara au ya maradhi. Lakini kumtoa katika ofisi ya walimu, au chini ya mti, na kumpeleka darasani ni hatua chache tu, na mwenye kuzitawala hatua hizo ni mwalimu mkuu. Hakuna fedha inayohitajiwa. Yahitajiwa kengele igongwe kwa wakati, naye mwenyewe awe wa kwanza kuinuka. Iwapo mwalimu mkuu hushinda mjini Sumbawanga kufuatilia barua, kengele hiyo hupoteza sauti yake.

Njia ya pili ni ufundishaji. Kila mwalimu hutakiwa kuwa na azimio la kazi na andalio la somo. Mwalimu mkuu hutia sahihi. Sasa sahihi hiyo yaweza kuwa ya namna mbili. Mmoja hutia sahihi maandalio ya juma zima kwa dakika kumi, na karatasi zikawa safi. Mwingine huchagua moja, akaingia darasani, akaketi nyuma na watoto, akatazama kama somo lililoandikwa ndilo lifundishwalo. Kisha baada ya saa za kazi huzungumza na mwalimu huyo faraghani, kwa adabu, juu ya jambo moja la kurekebisha. Tangu mwaka 2022 mkoa wa Rukwa umekuwa miongoni mwa mikoa 9 ya mradi wa Shule Bora, na katika nchi nzima umewekwa utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaowataka walimu wa shule moja wakutane wafundishane. Mikutano ya namna hiyo huishi au hufa kwa jinsi mwalimu mkuu anavyoihudhuria. Akiifungua kisha akaondoka, walimu wamekwisha kuelewa thamani yake.

Katika njia hii ndimo limo jambo la lugha. Watoto wengi wa vijijini huingia darasa la kwanza wakiwa na Kifipa midomoni, na Kiswahili kidogo. Lugha hizi mbili ni za jamii moja ya Kibantu, na mtoto anayo tayari mizani ya ngeli; lakini ujamaa wa lugha hautoshi kumfanya msomaji. Mwaka 2010 uchunguzi wa Uwezo ulionyesha kwamba katika Tanzania Bara wanafunzi wapatao watatu tu katika kila kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hapa mwalimu mkuu ana maamuzi mawili yasiyoandikwa katika waraka wowote wa fedha. Kwanza, nani apewe darasa la kwanza? Desturi iliyozoeleka ni kumpa mwalimu aliye hodari darasa la saba, kwa kuwa mtihani wa mwisho ndio huipatia shule jina. Lakini mtoto asiyejua kusoma katika darasa la pili hawezi kuokolewa na mwalimu hodari wa darasa la saba. Amekwisha kupotea njiani. Pili, Kifipa kichukuliwe vipi? Upo mtindo wa zamani, uliojulikana katika shule nyingi za Afrika Mashariki, wa kumwaibisha mtoto asemaye lugha ya kwao. Mwalimu mkuu akiupiga marufuku, na akamruhusu mwalimu wa darasa la kwanza aeleze neno gumu kwa Kifipa kisha arudi katika Kiswahili, mtoto hufunua kinywa. Asipofanya hivyo, mtoto hunyamaza. Na mtoto aliyenyamaza hufundishwi naye ni wapi alipokwama.

Njia ya tatu ni fedha. Ruzuku iliyowekwa chini ya elimu bila ada ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo 4,000 zilibaki kwa ajili ya kununulia vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni. Shule ya watoto 600 kwa kadiri hiyo hupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi, kwa chaki, matengenezo, mitihani, michezo na shughuli za ofisi. Hesabu ni ndogo, na kwa sababu ni ndogo, kila kosa laonekana. Mwalimu mkuu anayebandika mapato na matumizi ukutani, akayasoma mbele ya mkutano wa kijiji, hununua kitu kisichouzwa dukani: imani ya wazazi. Anayeyaficha, hata kama hakuiba senti moja, hudhaniwa ameiba, na siku atakapoomba watu waje kuchimba msingi wa darasa atawakuta wachache.

Njia ya nne, basi, ni wazazi. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango ya shule za umma, kwa kuwa watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili yake. Katazo hilo liliwaondolea wazazi maskini mzigo, lakini liliwaacha walimu wakuu wengi katika mashaka, hasa juu ya chakula cha mchana. Katika Ufipa, ambako debe la mahindi na sahani ya maharage si vitu vigeni, mtoto aliyetembea mbali asubuhi hawezi kukaa mpaka alasiri bila kitu tumboni. Penye kamati ya shule iliyo hai, wazazi wenyewe hukaa, huamua, hukusanya na hutunza, na mwalimu mkuu hubaki katibu tu. Penye kamati ya jina, mwalimu mkuu huogopa kusema lolote, na jiko hubaki baridi. Waraka ni ule ule; tofauti imo katika jinsi kamati ilivyolelewa miaka iliyotangulia.

Kadhalika na utoro wa wakati wa mavuno. Kutuma barua kwa mtendaji wa kijiji ili mzazi atozwe faini ni haki ya kisheria. Lakini mwalimu mkuu aliyeonana na wazazi mnamo Machi, kabla mahindi hayajakauka, akapatana nao juu ya saa na siku, huwa amefanya kazi kubwa kuliko faini kumi za Juni.

V. Mipaka ya uongozi

Isidhaniwe ya kwamba twamtwika mtu mmoja dhambi zote za shule. Yako mambo yaliyo nje ya mkono wake. Hawaajiri walimu wala hawapangi. Sera ya mwaka 1995 ilitaja mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule iliyopelekewa nusu ya walimu wanaostahili haitafikia kadiri hiyo kwa uongozi wowote. Shule za bondeni na za kando ya ziwa hukimbiwa na walimu kwa sababu ya joto, umbali na upungufu wa nyumba, na mwalimu mkuu hawezi kuuhamisha ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Tena yeye mwenyewe huweza kuhamishwa wakati wowote.

Lipo pia jambo la maandalizi. Wengi huteuliwa kwa sababu walifundisha vizuri, na kesho yake hukuta mezani daftari la fedha na nyaraka. Uko Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo, unaofundisha kazi hii; lakini Bagamoyo iko upande wa pili wa nchi kutoka Sumbawanga. Ni dhahiri kwamba mafunzo humfikia mtu baada ya cheo, wala si kabla yake, na makosa ya miaka ya kwanza hulipwa na watoto.

Ndiyo maana Kenneth Leithwood na wenzake, walioandika mwaka 2004 juu ya shule za Amerika ya Kaskazini, waliuweka uongozi katika nafasi ya pili, baada ya ufundishaji wa darasani, miongoni mwa mambo ya shule yanayomjenga mwanafunzi. Nafasi ya pili si ya kwanza. Uongozi ni kama maji katika mfereji: hayaoti yenyewe, bali huotesha. Pasipo na mbegu, yaani mwalimu na kitabu, hayana la kuotesha.

VI. Hitimisho

Wafipa wanayo desturi ya kilimo iliyowastaajabisha wageni tangu zamani, nayo ni ya kulima ntumba. Mkulima hukata majani, huyafunika kwa udongo katika vichuguu vya mviringo, akayaacha yaoze. Msimu ufuatao huvisambaza vile vichuguu na kupanda ulezi katika udongo uliokwisha kunona. Anayelipita shamba hilo mwaka wa kwanza hudhani mtu huyu amejisumbua bure.

Kazi ya mwalimu mkuu ni ya namna hiyo. Kumweka mwalimu hodari katika darasa la kwanza hakuonekani katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka ule, wala wa mwaka unaofuata. Kuilea kamati hakuleti madawati mwezi ule ule. Kwa hiyo wanaompima mwalimu mkuu kwa matokeo ya mwaka mmoja, kisha wakamhamisha, ni sawa na watu wanaovivunja vichuguu kabla majani hayajaoza. Likiwapo jambo moja la kuziomba halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, ni hili: wamwache mwalimu mkuu mwema mahali pamoja hata watoto aliowapokea darasa la kwanza wamalize shule mbele yake.

Na sisi tulio wachunguzi wa lugha tuna fungu letu. Tumezoea kupima maendeleo ya Kiswahili kwa kamusi, istilahi na vitabu vilivyochapishwa. Hayo ni mema. Lakini kitabu hakina maana kwa mtoto wa Muze au wa Kirando asiyeweza kukisoma, na kama ataweza au hataweza huamuliwa kwa sehemu kubwa na mtu ambaye jina lake halimo katika majarida yetu. Basi tuangalie jina la cheo chake, tulitunze kama lilivyo, na tuwakumbushe wanaomtuma kila siku ofisini na mjini kwamba wao wenyewe walimwita mwalimu kabla hawajamwita mkuu.